Kihara wa Mstari wa Kwanza

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Iandikwe wazi, wajukuu wasije wakadanganywa: umeme unaowaka kutoka Naivasha mpaka Nairobi umepita mikononi mwangu. Miaka kumi na moja kule Olkaria, kwenye mitambo ya umeme wa mvuke! Hakuna injinia, hakuna Mjapani, hakuna mheshimiwa aliyeufikia mvuke ule bila mimi kukubali. Ningekataa siku moja tu, nchi ingelala giza. Kwamba kazi yenyewe ilikuwa kuinua na kuteremsha mti wa geti, hilo ni jambo dogo la kiufundi.

Sasa mtu wa namna hiyo, jana, amefanywa nini na mama yake mzazi? Amepewa kamba ya mbuzi.

Nilifika Longonot saa nne. Suti ya kijivu. Viatu vinang'aa. Mama alikuwa nje anaota jua. Nikamsalimia. Akanitazama kuanzia viatu kwenda juu, akasema karibu daktari, mbuzi ni huyu, tangu juzi anakataa majani. Akanipa kamba. Nikaishika. Dakika ishirini nzima nimesimama na mbuzi, kwa sababu sikujua mtu humwambia vipi mama yake kwamba yeye ni mtoto wake. Hiyo sentensi haifundishwi popote.

Halafu akatokea Bethwel. Huyu ni mume wa dada yangu Shiru, mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa Rongai. Wamehamia kwa Mama tangu akili ianze kumtoroka. Mama kumwona tu, uso ukafunguka. Bethwel, umekunywa chai? Bethwel! Mimi nilifahamiana na mama huyu miaka ishirini na tano kabla yake! Nilifahamiana naye kutoka ndani!

Shiru akaniambia polepole kwamba muuguzi wa kliniki amekataza kumuuliza Mama "unanijua?" Ati ni kumtesa. Kila anayekuja avae jina lake kifuani, na liandikwe yeye ni nani wake, maana kusoma Mama bado anasoma. Anasoma Biblia, gunia la mbolea, kiberiti, chochote. Lakini muuguzi amesema kusoma nako kutakwenda. Labda Krismasi, labda kabla.

Kwa hiyo Bethwel amekata maboksi ya sabuni, ametoboa tundu, ametia uzi, na kwa ule mwandiko wake wa ubaoni ameandika: BETHWEL, MUME WA SHIRU.

Boksi la sabuni! Karne hii! Nikamwachia mbuzi wake nikaondoka. Mama yangu atanijua, na atanijua kwa kompyuta.

Jumanne, 2 Septemba

Nimeingia saiba ya Umaima, duka la kompyuta hapa hapa Section 58, Nakuru. Umaima ni mama wa makamo. Babu yake alipanda na reli kutoka Mombasa, na mpaka leo kwao wanaongea Kiswahili kilichonyooka hivi kwamba ukimjibu unahisi una matope mdomoni.

Akaniuliza kama naijua Ekseli. Nikamwambia waliomfundisha yeye nimewafundisha mimi. Akasema haya, mzee, basi iwashe. Nikabonyeza. Ikazimika ile taa ya mezani.

Tukaelewana aelekeze yeye, mimi nisimamie. Kwanza, kasema, tutengeneze jedwali la ukoo mzima: safu ya jina, safu ya "ni nani wako", safu ya "yuko wapi". Halafu tuandike makro. Makro ni maagizo unayoliandikia jedwali mara moja, baada ya hapo linajituma lenyewe. Unaipa jina. Inashuka safu ya majina mstari kwa mstari. Ikilikuta jina inasimama, inanakili yaliyo kando yake, inayabandika kwenye kadi. Basi, unachapa. Nikamwambia naelewa, ni kama geti. Akafikiri kidogo, akasema haya mzee, kama geti.

Akauliza kama kuna majina yanayojirudia, kwa sababu makro husimama kwenye jina la kwanza inalokutana nalo na haina habari na wa pili. Kama yapo, kila mtu apewe nambari yake. Nikamwambia watu wetu si wafungwa. Kisha nikamsomesha bure: kwetu majina yana mpango. Mvulana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na wasichana vivyo hivyo upande wa nyanya. Ndiyo maana mimi mtoto wa pili ni Kihara, jina la baba yake Mama. Ndiyo maana kila nyumba ina Wangu wake, jina la Mama. Katika ukoo uliopangwa namna hiyo kunaweza kutokea makosa gani?

Akasema yeye ameuliza tu.

Alhamisi, 4 Septemba

Tatizo: ukoo wote umo katika daftari la Bethwel. Ameorodhesha watu sabini na mmoja, kuanzia wazazi wa Mama mpaka kitoto cha juzi, kwa sababu Mama huuliza na waliokufa pia. Kumwomba siwezi. Nikampigia Shiru, nikamwambia nataka daftari niombee kila mtu kwa jina. Akasema tangu lini.

Limefika leo kwa mkono wa jirani anayeleta maziwa Nakuru. Ndani kuna kikaratasi: *Shemeji, ukimaliza kuomba lirudishe, nyuma kuna hesabu ya mahindi yangu. Mbuzi anakusalimia.*

Nimeanza kupiga chapa. Kidole kimoja, cha shahada. Aliyepanga zile herufi alikuwa mlevi: A iko pembeni, B iko chini, na M imefukuzwa kabisa. Kwa saa tatu nimeingiza watu kumi na wawili. Daftari la Bethwel limeandika majina mawili mawili, na mengine matatu, nami nikaona huo ni ushamba wa shule. Nimeandika jina moja moja. Majina mengi ni ya polisi.

Jumamosi, 6 Septemba

Siku ya kihistoria! Nimeandika makro!

Yaani Umaima aliandika kwenye karatasi, mimi nikanakili kwenye kompyuta, na mwandishi ni yule mwenye kidole. Mara ya kwanza ikawa nyekundu. Kosa mstari wa nne. Mara ya pili, kosa mstari wa saba. Mara ya tatu nikaitukana kwa Kikuyu, ikakubali.

Nikasema tuijaribu na mkubwa mwenyewe. Nikaandika jina langu la kitambulisho: Hiram. Nikabonyeza.

Ikaanza kushuka. Ikashuka. Umaima akahudumia wateja wawili, akarudi, bado inashuka. Nikauliza inatafuta wapi, ukoo wetu ni watu sabini na mmoja tu. Akasema jedwali lina mistari zaidi ya milioni, na kwa kuwa sikuandika ule mstari wa kuiambia isimame majina yakiisha, imeendelea kwenye mistari mitupu. Mwishowe ikafika chini kabisa, ikatoa kosa, ikanyamaza.

Mistari milioni. Ilinitafuta mistari milioni, haikunipata.

Umaima akaniangalia, akasema si neno, mzee, huenda wanakuita vingine. Kweli, Bethwel aliandika lile jina ninaloitwa nyumbani. Nikaandika Kihara. Nikabonyeza. Kufumba na kufumbua! Hata macho hayajapepesa, imeshanipata na kusimama! Sikuhitaji kusoma kilichonakiliwa. Kasi ile ilitosha. Mtambo wenyewe unajua nani wa kuanza naye.

Umaima akataka tukague wengine. Nikamwambia injinia hakagui, injinia hukata utepe.

Jumapili, 7 Septemba

Longonot. Bila kadi, bado hazijachapwa.

Leo sikuwa daktari wa mbuzi. Leo nilikuwa mgeni. Mama alimwambia Shiru anitolee chai kwenye kikombe cha wageni, kile chenye ukingo wa dhahabu, tulichokatazwa kugusa utotoni. Bethwel alikunywa kwenye kikombe cha bati kilichobonyea. Nilikitazama kile cha bati mpaka chai yangu ikapoa.

Mama ni mpole sana kwa wageni. Aliniuliza kama safari ilikuwa nzuri. Akaniuliza kama nina wazazi.

Nje, Shiru akanipasha. Kwamba Mama alianza kusahau mwaka jana mwezi wa saba, na mimi nimefika Agosti hii. Kwamba miezi mitatu ya kwanza alikuwa akiniita kila asubuhi, Kihara, Kihara, mpaka akaacha. Nikamwambia nilikuwa na shughuli. Akauliza shughuli gani, na geti walishanitoa zamani. Nikamwambia shughuli za kiufundi.

Ukweli ni kwamba nilidhani angeningoja. Siku zote amekuwa akiningoja.

Jumanne, 9 Septemba

Nimetangaza kwenye kundi la simu la familia, lile la Nyumba ya Wangu. Nimeandika hivi: *Jumapili tarehe 14 kila mmoja afike Longonot saa tano. Mtambo wa utambuzi utazinduliwa. Maboksi ya sabuni yamefutwa rasmi.*

Majibu yamekuja kwa wingi. Vidole gumba ishirini na tisa. Yule Wangu aliye askari polisi akauliza, anko, huu mtambo unauma? Bethwel akaandika: *Hongera shemeji. Je, unakula majani?* Watu wakatuma ile michoro ya kucheka mpaka machozi. Kumi na nane nilihesabu.

Wacheke. Jumapili Mama ataniita kwa jina mbele yao wote, na mtu mmoja atarudi Rongai akafuge nyuki.

Ijumaa, 12 Septemba

Kadi zimechapwa! Arobaini na tatu, wote watakaokuja. Karatasi ngumu, herufi kubwa nyeusi, kila moja kwenye plastiki na utepe wa bluu wa shingoni. Zinameremeta! Ukizitazama kwa mbali unadhani ni mkutano wa mabalozi.

Mimi mwenyewe nilikuwa kwenye benchi la nje nikiwaeleza wateja namna visima vya mvuke vinavyofungwa. Umaima akaniita mara mbili. Mara ya tatu akatoka na rundo mkononi, akasema, mzee, una hakika? Hizi za wasichana zinanitia wasiwasi. Nikamwambia kwa heshima asisome mambo ya nyumba za watu. Akazipanga, akazifunga kwa mpira, akanikabidhi.

Nimezitia kwenye bahasha, nimeifunga kwa gundi. Zitafunguliwa mbele ya umma.

Jumapili, 14 Septemba

Naandika nikiwa nimejifunika blanketi. Ni baridi.

Saa tano ua umejaa. Nikapanda kwenye kigoda, nikahutubia. Nikafungua bahasha, nikaita majina, kila mtu akaja kuvaa bila kusoma, maana wote walikuwa wakijipiga picha. Kisha nikaamuru waende kwa Mama mmoja mmoja, wadogo kwanza, mimi mwisho kama ilivyo ada kwa mgeni rasmi.

Wa kwanza alikuwa Wangu wa miaka mitatu. Mama akaivuta kadi, akasoma kwa sauti, taratibu, kidole chini ya kila neno:

"WANGU. NI WEWE MWENYEWE. UKO NYUMBANI."

Simu za picha zikashuka.

Akaja Wangu wa pili, wa sekondari. WANGU. NI WEWE MWENYEWE. UKO NYUMBANI. Akaja Wangu wa polisi, na kofia yake. Hivyo hivyo. Tisa! Wangu tisa, na kila mmoja amebeba mstari wa tatu wa daftari, ule ambao Bethwel aliandika kwa ajili ya Mama asipojijua mwenyewe. Makro ilimkuta Wangu wa kwanza, ikasimama hapo, ikamaliza kazi.

Nilitamani ardhi ya Longonot ipasuke, nayo ni ya volkano, imeshawahi.

Mama hakushtuka. Alimgusa shavu yule mdogo. Akamgusa yule askari. Akawatazama wote tisa wamesimama kwa mstari, akasema kwa sauti ya mtu aliyepewa habari njema, basi niko wengi.

Shiru akaingia ndani akafunga mlango.

Sasa fujo. Watu wakaanza kusoma kadi zao. Ndegwa, kaka yangu mkubwa, mkulima wa viazi kule Molo, kadi yake inasema ni baba mkwe wa Mama. Akina Kihara tuko sita. Kihara wa Naivasha akaisoma yake, akaivua haraka, akaitia mfukoni. Wengine wanne wakafanya vivyo hivyo. Nikaisoma yangu.

KIHARA. NI BABA YAKO. ALICHUKULIWA 1954.

Babu yangu. Askari wa wakoloni walimtoa kwenye shamba la mzungu asubuhi moja wakati wa hali ya hatari, Mama akiwa msichana wa miaka kumi na minne, na hakuonekana tena. Hata kaburi halipo. Mstari wa kwanza wa daftari. Ndiyo sababu ile makro ilinipata haraka.

Bethwel akanisogelea, akaninong'oneza, shemeji, ivue, nitakuandikia nyingine sasa hivi, nina kalamu. Kwa upole kabisa! Hapo ndipo aliponiharibia. Angecheka ningevua. Nikamwambia kadi zote ziko kama nilivyokusudia. Nikakaza tai. Nikaenda.

Mama akaishika kadi. Akasoma mara ya kwanza. Akasoma mara ya pili, midomo tu. Kisha akanitazama usoni, na mvi zangu hizi ambazo nimekuwa nikizipaka dawa, na akasema: "Baba. Walikuachilia?"

Watu zaidi ya arobaini wananitazama.

Nikasema waliniachilia.

Akanishika mikono yote miwili. Akaniambia nimechelewa, lakini ng'ombe amekamuliwa, kuni zimeletwa, na mama yake hakulia mbele ya watu. Alikuwa anatoa ripoti, yaani. Miaka sabini na moja ameishika hiyo ripoti, hana wa kumpa. Halafu akamgeukia Bethwel kwa ukali: wewe, mpishe Baba kiti!

Bethwel akanyanyuka! Mwalimu mkuu mstaafu! Nikaketi. Iandikwe kwamba niliketi.

Shiru alileta chai kwenye kikombe cha wageni. Mama akaikataa kwa niaba yangu, akaenda mwenyewe akishika ukuta, akarudi na kikombe cha bati.

Jumanne, 16 Septemba

Nimemrudia Umaima. Nimemwambia uzinduzi ulifana, ila kuna maboresho madogo nimeyagundua kitaalamu. Akasema majina yanajirudia. Nikamwambia ndiyo hayo.

Akawapa watu nambari, moja mpaka sabini na moja. Makro sasa haitafuti jina, inatafuta nambari. Babu ni nambari moja. Mimi ni kumi na tisa. Nikamwuliza kama haiwezekani nikawa angalau tano. Akasema mzee, nambari si cheo.

Akanichapia kadi mpya: KIHARA. NI MWANAO WA PILI. YUKO NAKURU. Hakuna kosa hata moja. Umaima akaniuliza mbona sifurahi. Nikamwambia mainjinia hatufurahi ovyo.

Kundi la simu bado linanisema. Wangu askari amebadilisha jina lake huko, sasa anajiita Ni Wewe Mwenyewe. Bethwel peke yake hajaandika kitu. Nafikiri ni wivu wa kiti.

Jumapili, 21 Septemba

Kwanza, tangazo. Mtambo umefaulu kabisa na umetimiza kila lengo. Nimeamua kuupeleka kwa koo nyingine za Bonde la Ufa, nikianza na Gilgil. Nimekwisha kutunga cheo changu: Mkurugenzi wa Utambuzi. Ile habari ya nambari nitaiondoa. Nambari zinachanganya watu. Jina moja linatosha.

Pili, leo.

Nilikwenda Longonot na kadi sahihi. Mama alikuwa kitandani, jua halikutoka. Akaisoma kadi, lakini leo alisoma herufi moja moja, kama mtoto wa chekechea, K, I, H, na alipofika mwisho mwanzo ulikuwa umeshamtoka. Nikamsomea. Ni mwanao wa pili. Akatabasamu, akasema hongera sana, na akauliza mama yangu ni nani.

Nikatoka nje. Nikasimama nyuma ya tangi la maji. Nikavua kadi sahihi, nikavaa ile ya kosa. Nikarudi ndani nikavuta kiti karibu. Kadi hata hakuifikia kuisoma. Nilimwambia tu, Wangu, ni mimi baba yako.

Akasogea ukutani ili nipate nafasi ya kuketi kitandani.

Tukaongea sana. Akaniambia kwamba alimpa mtoto wake jina langu. Nikauliza yuko wapi. Akasema hajui, huja akija, ana maneno mengi. Nikauliza, ni mtoto mbaya? Maana ukishakuwa babu unaweza kuuliza jambo kama hilo. Akasema si mbaya. Anapenda kuonekana mkubwa kwa sababu alikuwa mtoto wa hofu. Kisha akanishika sikio, akanivuta chini, akanong'ona, ila siku hizi mnong'ono wake unafika Naivasha:

"Alikojoa kitandani mpaka darasa la sita. Nilikuwa naamka kabla ya wenzake nageuza godoro, nafua shuka, naanika upande wa shamba wasione. Sijamwambia mtu. Hata baba yao. Nakuambia wewe kwa sababu jina ni lako."

Nikageuka. Bethwel alikuwa mlangoni na bakuli la uji. Tulitazamana. Akaangalia uji wake, akasema umepoa, akarudi nao jikoni, ingawa nilikuwa nauona unatoa moshi.

Nikamwambia Mama kwamba nimemsikia. Nikamwambia mtoto huyo anajua, na anashukuru. Akasema vizuri, akalala akiwa ameshika utepe wa kadi, ikabidi niinamie pale pale mpaka Shiru alipokuja kumfungua vidole.

Sasa Bethwel anajua. Nimeshapanga la kufanya. Jumapili ijayo, kabla hajafungua mdomo, nitatangaza mbele ya wote kwamba Mama amechanganyikiwa, kwamba huyo alikuwa Ndegwa, na kwamba mgonjwa wa namna hii hata miaka haijui tena. Na hilo la miaka nitaweza kuapa kwa Biblia bila wasiwasi.

Haikuwa darasa la sita. Ilikuwa la saba, mpaka wiki ya mtihani.